Kaka yangu anataka tuvuke Katavi kwa baiskeli mwezi Desemba. Nifanyeje?

Ndugu Mshauri,

Assalaam aleykum. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari hapa Tanga, nina umri wa miaka 33, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiendesha baiskeli siku za mapumziko, mara nyingi kwenda Pangani au Muheza. Mwaka huu kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, amenialika tusafiri pamoja kwa baiskeli kutoka Mbeya hadi Kigoma kwa kupitia Tunduma, Sumbawanga, Mpanda na Uvinza. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika katika mikoa hiyo, wala hatuna ndugu wala rafiki huko wa kumuuliza.

Kaka amepima njia kwenye ramani ya simu akapata kilomita kama 870, akazigawa kwa siku nane, ambayo ni karibu kilomita 110 kila siku bila siku ya kupumzika. Hoja yake ni kwamba tumewahi kwenda kwa siku moja kutoka Tanga hadi Korogwe, takriban umbali huohuo, na tulifika jioni tukiwa na nguvu. Amechagua Desemba kwa sababu ndipo anapopata likizo yake ya mwaka, na kwa sababu huku kwetu mvua za vuli zinakuwa zinaisha. Hifadhi ya Taifa ya Katavi anataka tuivuke alfajiri mapema, kabla ya jua kuwa kali. Usiku tutalala katika hema popote giza litakapotukuta. Mimi nina baiskeli ya mtumba ya milimani yenye gia 18, naye ana ile ya Kijapani ya mjini, ambayo ameifungia karia kubwa nyuma.

Mama yangu amekataa katakata. Yeye anawaza simba na majambazi. Kaka naye ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, ndiye aliyenilipia ada nikiwa chuoni, na gharama nyingi za safari hii amesema atazibeba yeye. Ninatamani sana kwenda, lakini kila ninapoitazama ratiba yake moyo unasita, nami sijui kama ni woga tu au kuna sababu ya kweli. Je, mpango huu unatekelezeka? Na kama una kasoro, nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mwalimu, Tanga

*

Mwalimu, wa aleykum salaam.

Safari yenyewe ni njema, na ningependa muifanye. Kusita kwako si woga. Ratiba ya kaka yako imepangwa kwa kilomita peke yake, na katika nchi usiyoijua kilomita ndicho kipimo kinachokuambia machache kuliko vyote. Mtu anayepita ugenini kwa baiskeli hupanga siku yake kwa mambo matatu: maji yatapatikana wapi, mwanga utadumu hadi saa ngapi, na usiku atalala kwa nani. Mambo hayo matatu yakishajulikana, idadi ya kilomita hujitokeza yenyewe, na kwa watu wawili wenye mizigo, katika njia hiyo, itakuwa kati ya 50 na 80 kwa siku, na mara chache itafika 95.

Jambo la kwanza la kubadilisha ni mwezi. Tanga ina misimu miwili ya mvua, vuli na masika, na ni kweli kwamba Desemba kwenu vuli inakuwa inakwisha. Mikoa ya Songwe, Rukwa, Katavi na Kigoma haifuati utaratibu huo. Huko kuna msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo Desemba mtakuwa mmeingia katikati ya mvua. Penye lami mtalowana tu na kuchelewa, ingawa radi za uwanda wa juu wa Ufipa si jambo la kudharau kwa mtu aliye peke yake barabarani juu ya chuma. Lakini kaskazini ya Mpanda lami haikufika njia nzima, na barabara ya udongo ikinyeshewa, tope hujikusanya kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, nawe unabaki kuisukuma baiskeli ambayo haisukumiki. Nendeni Juni. Wewe mwalimu unakuwa na likizo ya katikati ya mwaka, na kaka yako ana nafasi ya kuomba mapema likizo yake isogezwe. Bebeni sweta nzito, kwa kuwa usiku wa Juni katika uwanda wa Ufipa, ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, si usiku wa Tanga.

Juni ina faida nyingine. Upepo wa kusi unakuwa umeshika, nao unavuma kutoka kusini-mashariki, na safari yenu inaelekea kaskazini-magharibi. Tena mnatoka katika uwanda wa juu mkielekea Ziwa Tanganyika, ambalo liko karibu mita 770 tu juu ya usawa wa bahari. Katika hili kaka yako amechagua vizuri sana: angeigeuza safari ianzie Kigoma, mngepambana na upepo na mwinuko kwa pamoja. Mpe sifa hiyo, maana anaistahili, na itakufaa baadaye utakapozungumza naye.

Jambo la pili ni mwanzo wa safari. Kipande cha Mbeya hadi Tunduma ni sehemu ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupita humo usiku na mchana, mengine yakiwa na tela ndefu zinazoyumba zinapopishana. Barabara ni nyembamba kwa wingi huo wa magari, ina milima, na karibu na mpaka foleni ya malori huweza kuwa ndefu mno. Sioni faida ya kuanza safari ya furaha kwa siku mbili za kuruka kando ya lami kila honi inapolia. Pandeni basi hadi Tunduma, lakini zungumzeni na kondakta habari ya baiskeli kabla ya kukata tiketi, siyo baada. Fungueni pedeli, geuzeni usukani ulingane na fremu, na fungeni kipande cha boksi upande wa gia ili masanduku ya watu yasiupinde mkono wake.

Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga kuna lami nzuri, iliyojengwa katika vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana kilomita 64 hivi, Ikana hadi Laela 64 nyingine, na Laela hadi Sumbawanga kama 95. Vipande hivyo vinakaribia kabisa kuwa ratiba yenu. Ikana ni kijiji, kwa hiyo ulizeni mkiwa Tunduma kama kuna pa kulala. Siku ya tatu, miguu ikigoma, Mpui ipo njiani kabla ya Sumbawanga. Mkifika Sumbawanga pumzikeni siku nzima. Mwili hauzoei safari ndefu siku ya kwanza. Maumivu ya magoti na makalio hukomaa siku ya tatu na ya nne, na anayepumzika hapo huendelea vizuri zaidi kuliko anayejikaza. Baada ya hapo nendeni Chala, kisha Namanyere, kisha Kizi, mkitumia siku tatu.

Hapo Kizi ndipo ninapokuomba unisikilize kwa makini.

Kutoka Kizi hadi Sitalike ni kilomita 86 hivi. Barabara inateremka Lyamba lya Mfipa, ile ngazi kubwa ya milima inayoutenga uwanda wa Ufipa na bonde, kisha inaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974, ina kilomita za mraba 4,471, na inajulikana hasa kwa makundi makubwa ya nyati na viboko. Simba na tembo pia wapo. Barabara ni ya umma na magari hupita kila siku, na hilo ndilo linalowadanganya watu wakadhani kwamba kinachowezekana kwa basi kinawezekana kwa baiskeli. Msimu wa kiangazi unaowafaa nyinyi ndio msimu ambao mabwawa ya mbali hukauka na wanyama hukusanyika kando ya mto Katuma na maji machache yaliyobaki, na barabara inapita jirani na maji hayo. Alfajiri aliyoichagua kaka yako ndiyo saa mbaya kuliko zote: simba huwinda usiku hadi mapambazuko, na viboko wanakuwa wanarudi majini kutoka malishoni. Kiboko akikukuta umesimama kati yake na maji hakupi nafasi ya kugeuza usukani.

Kwa hiyo msiivuke hifadhi kwa baiskeli, si alfajiri wala mchana. Pakieni baiskeli kwenye basi au gari la mizigo pale Kizi, mshuke Sitalike, na kama mnataka kuwaona viboko, wapo mtoni palepale Sitalike, ambapo mtawatazama mkiwa na wenyeji wanaojua mahali pa kusimama. Ushauri huu huu ningempa mtu anayetaka kuendesha baiskeli katika kipande cha barabara kuu kinachopita Mikumi. Najua wapo watakaowaambia kwamba wenyeji hupita na hawadhuriki. Mwenyeji hupita akijua kundi limeonekana wapi jana, na akisikia habari mbaya haendi. Nyinyi hamna habari hizo. Safari ya baiskeli yenye kilomita 86 ndani ya gari bado ni safari ya baiskeli, na hakuna mtu wa maana atakayewadai hesabu.

Kutoka Sitalike hadi Mpanda ni nusu siku tu. Hapo pumzikeni tena, kwa sababu kinachofuata ndicho kipande kigumu: Mpanda hadi Uvinza, karibu kilomita 190 za pori la miombo. Kilomita 37 hivi za mwanzo, hadi Vikonge, zimewekwa lami. Zaidi ya hapo ujenzi umekuwa ukisogea kwa awamu, na hali ya njia hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo taarifa ya kuaminika ni ile mtakayoipata Mpanda siku moja kabla ya kuondoka. Tarajieni changarawe, vumbi jekundu na mahali penye mchanga ambapo mtashuka na kusukuma. Hiki ndicho kipande kinachoufanya mpango wa kilomita 110 kwa siku kuwa hatari. Ukichelewa katika barabara ya Korogwe unachelewa kula. Ukichelewa kaskazini ya Mpanda unaingiliwa na usiku porini bila maji. Kitengeeni siku nne, na kila mmoja aondoke asubuhi na lita sita za maji, hata kama mtaambiwa kwamba kisima kiko karibu.

Namna ya kuuliza ni ujuzi wa kujifunza. Ukimuuliza mtu barabarani, "Kijiji kinachofuata si mbali, eti?" atakujibu kwamba si mbali, kwa sababu ni mstaarabu na umeonekana umechoka. Usiulize swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo. Uliza, "Kijiji kinachofuata kinaitwaje? Ukiondoka hapa asubuhi kwa baiskeli unafika jua likiwa wapi? Watu wa pale wanachota maji wapi mwezi huu?" Habari za hali ya njia waulizeni bodaboda na matingo wa malori, maana wao walipita jana. Habari za maji waulizeni kina mama, wanaoyachota. Wafugaji mtakaowakuta na ng'ombe wanajua maji yote ya pori, lakini maji ya ng'ombe lazima yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji. Ulizeni watu wawili kila mara, na majibu yakitofautiana shikeni lile baya zaidi.

Pori hilo, pamoja na lile la Katavi, lina ndorobo, yaani mbung'o. Mbu umewazoea huko Tanga, lakini ndorobo huuma mchana, huuma juu ya nguo nyepesi, na huvutwa na kitu kinachotembea na kwa rangi za buluu na nyeusi. Vaeni mashati ya mikono mirefu ya khaki au rangi ya udongo, na mfuko wa buluu, kama upo, ubaki nyumbani. Wengi wakiumwa hupata maumivu tu, lakini mikoa hiyo ina historia ya malale, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, kwa hiyo yeyote kati yenu akipata homa wiki chache baada ya kurudi asiridhike na kipimo cha malaria peke yake. Amweleze daktari wa Tanga waziwazi kwamba alipita Katavi na Uvinza akaumwa na ndorobo, maana huo si ugonjwa ambao daktari wa pwani ataufikiria bila kuambiwa.

Kuhusu mwanga, kuna jambo dogo ambalo ramani haiwaonyeshi. Tanga na Kigoma ziko karibu mstari mmoja wa latitudo, lakini Kigoma iko magharibi kwa nyuzi tisa na nusu, na saa tunayotumia nchi nzima ni moja. Kwa hiyo jua la Kigoma huchomoza na kuzama karibu dakika 38 baada ya lile la Tanga. Mwezi Juni huko magharibi jua linachomoza saa moja asubuhi ikiwa imeshapita. Mkizoea kutoka saa kumi na mbili kama mnavyofanya kwenu, mtakuwa mnaendesha gizani, na madereva wa alfajiri ndio waliochoka zaidi. Ondokeni saa moja na robo, na saa kumi jioni muwe mmeshajua mtalala wapi.

Suala la kulala popote giza litakapowakuta liondoeni kabisa. Mijini kuna nyumba za wageni za bei nafuu. Vijijini nendeni moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, kabla jua halijazama, mkiwa na vitambulisho vya taifa mkononi, mjitambulishe na kueleza mtokako na mwendako. Watu wawili wasiojulikana wanaojenga hema kimyakimya pembeni ya shamba wana haki ya kushukiwa. Watu walewale wakishapokewa na mwenyekiti wanakuwa wageni wa kijiji, na baiskeli zao zinalindwa na kijiji kizima. Wewe una neema nyingine, nayo ni kazi yako. Mtafute mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, umwambie kwamba wewe ni mwalimu mwenzake kutoka Tanga. Sijui kijiji ambacho maneno hayo hayafungui mlango. Parokia nazo huko Rukwa ni nyingi na za zamani, na hazimuulizi msafiri dini yake. Hata hivyo, msipige picha za madaraja, vituo vya polisi wala makazi ya wakimbizi, na Mishamo, eneo la makazi ya namna hiyo lililo kando ya njia yenu, msiingie bila kuuliza Mpanda kama mnahitaji ruhusa.

Sasa baiskeli. Yako itafaa, lakini ya kaka yako haifai kwa safari hii, na sababu haiko kwenye gia peke yake. Tazameni maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Baiskeli nyingi za Kijapani za mjini zina tairi za 26 × 1⅜, na ringi yake ina kipenyo cha milimita 590. Ya kwako ya milimani ina tairi za 26 × 1.95 au karibu na hapo, na ringi yake ni ya milimita 559. Zote huitwa "inchi ishirini na sita" dukani, lakini tairi ya moja haiingii kwenye ringi ya nyingine kwa namna yoyote. Baiskeli kubwa za vijijini, zile za aina ya Phoenix, nazo zina ringi ya milimita 635. Kila mmoja akiwa na ringi yake mtalazimika kubeba akiba za aina mbili, na ya kaka ndiyo itakayokuwa ngumu kuipata njiani. Tena tairi yake nyembamba itazama katika mchanga wa Vikonge kwenda mbele. Atafute baiskeli ya milimani ya mtumba yenye ringi sawa na yako, kisha akiba moja iwahudumie nyote: tairi moja, tyubu nne, viraka na solusheni, vipande vya mnyororo, waya wa breki na wa gia, na raba za breki jozi mbili.

Msisahau spoku. Karia iliyojazwa mizigo hukata spoku za gurudumu la nyuma, na mara nyingi hukatika zile za upande wa gia, ambazo hukazwa zaidi. Kuzibadilisha kunahitaji kulitoa furuwili, yaani gia za gurudumu la nyuma, kwa kifaa chake maalumu, ambacho fundi wa kijijini, hodari kama alivyo, mara nyingi hana, kwa kuwa baiskeli anazozitengeneza hazina gia. Bebeni kifaa hicho na spoku sita za urefu sahihi, mzifunge kwa utepe kwenye fremu. Mafundi wa vijijini watawasaidia kwa mambo mengine yote, na wana subira kuliko mafundi wa mjini, lakini wapeni kipuri mkononi. Mzigo wa kila mmoja usizidi kilo 15 bila maji, na sehemu yake ihamie mbele, kwenye usukani, ili gurudumu la nyuma lisibebe adhabu yote.

Kwa mwili nitasema machache. Siti iinuliwe mpaka mguu ukaribie kunyooka pedeli ikiwa chini kabisa, kwani siti ya chini ndiyo inayoua magoti. Suruali ya ndani isiwe na mshono mnene, ifuliwe kila jioni, na mafuta ya mgando yapakwe kabla ya kuanza, siyo baada ya kuchubuka. Kuleni kila baada ya saa moja na nusu hata kama njaa haijauma: karanga, ndizi, mihogo, chapati. Sumbawanga mtapata maharage mazuri, na mkikaribia ziwa, migebuka, samaki wa huko. Tumbo likiharibika, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vitawasimamisha mpaka mfike zahanati.

Ukijumlisha, ni siku 16 au 17 badala ya nane, na hapo ndipo penye mazungumzo yako na kaka. Usimwendee na orodha ya makosa. Mwombe mfanye kwanza safari ya majaribio, mkiwa na mizigo yote ileile: siku ya kwanza hadi Korogwe, ya pili hadi Mombo, ya tatu mpande kutoka Mombo hadi Lushoto, ambayo ni kilomita 30 na kitu za mlima mtupu, ya nne mteremke. Korogwe mlikwenda bila mzigo na siku iliyofuata hamkuendesha tena. Mlima ule utamwambia kaka yako habari za gia, breki na uzito kwa namna ambayo mdogo wake hawezi kumwambia. Baada ya hapo mweleze, mkiwa wawili tu na si mbele ya familia, kwamba njia aliyoichagua ni sahihi na mwelekeo ni sahihi, nawe unaomba mambo matatu tu: Juni, gari ndani ya hifadhi, na siku za kutosha. Kwa kuwa siku zikiongezeka gharama zinaongezeka, jitolee kulipia nyumba za wageni zote. Mkubwa anayebeba gharama husikia vizuri zaidi anapoona mdogo naye ameinamisha bega. Akikubali mengine yote akakataa lile la hifadhi, mwambie kwa adabu kwamba mtaonana Sitalike, kisha panda basi. Hiyo si kumvunjia heshima.

Mama naye asinyamazishwe, kwa maana kuhusu simba alikuwa sahihi. Mkae naye na ratiba mpya, aone kwa jina ni wapi mtalala kila usiku. Kubalianeni kwamba kila jioni kabla ya saa mbili atapata ujumbe, isipokuwa katika zile siku nne za Mpanda hadi Uvinza, ambapo mtandao unaweza kukosekana kwa saa nyingi. Kwa siku hizo mpeni namba ya nyumba ya wageni mliyolala Mpanda, na muwaachie wenye nyumba siku mnayotarajia kufika Uvinza. Kila mmoja wenu awe na laini za mitandao miwili tofauti, na ramani iliyohifadhiwa kwenye simu inayosomeka bila intaneti. Mtakapofika Uvinza mtakuwa kwenye reli ya kati, na kama mwili umechoka mnaweza kumalizia kwa treni hadi Kigoma. Kama bado mna nguvu, siku mbili za baiskeli zinatosha, na treni inaweza kuwarudisha kuelekea nyumbani kutoka huko, baiskeli zikiwa zimeandikishwa kama mzigo.

Mshauri